Mwaka Afande Apio Alipokonda

Siku hizi nikipita sokoni hapa Bungoma wanawake wananisimamisha kunipongeza. "Mama Simiyu, umependeza. Umefanyaje?" Nawaambia ukweli, kwa sababu umri wa kudanganya umenipita: sukari ilipanda, daktari akaniandikia sindano, najidunga tumboni kila wiki, hamu ya chakula imenitoka na mwili unapungua wenyewe. Wanaitaka na wao. Wanauliza inapatikana wapi, na mmoja aliniomba nimwachie hata ile itakayobaki kwenye chupa, kana kwamba ni mafuta ya kupaka. Nacheka nao vizuri tu. Halafu nikifika nyumbani nakaa jikoni, namkumbuka Apio, na kicheko kinakatika.

Mwezi uliopita binti yake alinipigia simu kutoka Mbale. Sauti ilikuwa ya mama yake kabisa, hata nikasema "Afande" kabla hajajitambulisha. Akaniambia mama alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia umelegea, lakini akili iko sawa na mdomo, Mungu asifiwe, uko sawa zaidi. Mama anauliza kila siku yule Mkenya wake yuko wapi. Tulikuwa tumepotezana miaka mingi, si kwa ugomvi. Nyumba zilibadilika, namba zilibadilika, kila mmoja akadhani mwenzake ndiye aliyenyamaza. Niliahidi kwenda kabla mwezi haujapita, na tangu nilipokata simu ile mwaka wetu mmoja wa Jinja umekataa kunitoka kichwani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nikiuza mabeseni na sufuria katika duka la Mkenya mwenzetu kwenye barabara kuu ya Jinja, chini ya mojawapo ya zile ghorofa za Wahindi zenye mwaka wa kujengwa umechongwa juu ya mlango. Apio aliingia siku moja na sare yake ya askari magereza, akachagua sufuria kubwa kuliko zote. Nikamuuliza, "Afande, una sherehe?" Akasema, "Sherehe hakuna. Nyumba iko, sigiri ya makaa iko, sasa sufuria iko. Mtu wa kula na mimi ndio hakuna." Mimi wakati huo nilikuwa nalala nyuma ya duka, katikati ya mabeseni. Jioni ile nilibeba godoro langu nikahamia kwake Mafubira, na sijawahi kuingia nyumba ya mtu kwa wepesi kama ule.

Chumba kilikuwa kimoja, kirefu, kimekatwa kati kwa pazia la maua. Upande wa mlangoni palikuwa na meza, viti viwili, na msumari wa kutundikia sare yake. Upande wa ndani palikuwa na vitanda. Ukuta haukufika juu, kwa hiyo tulijua mambo yote ya jirani yetu, Mama Tenywa, naye akajua yetu. Na Apio alikuwa mkubwa. Nalisema neno hilo kwa heshima: mabega, mikono, sauti, vyote vikubwa. Akiingia, chumba kinajaa, na akitoka kwenda kazini unahisi baridi. Alikuwa Mpadhola wa Tororo, mimi Mbukusu wa Kenya, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, chake kile cha kambini kisicho na subira na mtu. Alipika mukene, wale dagaa wadogo ambao kwetu tunawaita omena, kwa karanga za kusaga. Jumamosi alileta sato kutoka Masese, amening'inizwa kwa kamba ya mgomba, mkia bado unatikisika. Kichwa kilikuwa chake bila mjadala. Alikinyonya macho yakiwa yamefumba, na ukimsemesha alinyanyua kidole kimoja. "Ngoja kwanza. Mimi niko kazini." Nimekula kwenye hoteli tangu wakati huo, nimekula kwenye arusi za wakubwa, na bado natamani ugali wa kwenye ile meza iliyokuwa na mguu mmoja mfupi.

Sasa, huko Mbale kulikuwa na Okiror, koplo wa polisi, Mteso mrefu mwenye maneno machache. Walijuana Apio alipokuwa kazini huko kabla ya kuhamishiwa Jinja. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha yake ya nyumbani, mapenzi yao yote yalikwenda kwa Kiswahili, lugha ambayo majirani wetu wa Mafubira wakiisikia walikumbuka wanajeshi wa zamani na kushusha sauti. Okiror akija, Mama Tenywa alinyamaza upande wa pili wa ukuta akidhani wanapeana amri, kumbe jamaa anamwambia, "Apio, mimi sili vizuri kama wewe haupo." Niliyasikia haya kwa masikio yangu, nyuma ya pazia, nimejifunika shuka mpaka kichwani. Okiror alikuwa ameshasema atampeleka kwa watu wake. Apio alikuwa anakaribia thelathini na alimtaka mtu huyo kwa moyo wote, wala hakuficha. Alikuwa akipiga pasi sare yake anasema jina lake peke yake, Okiror, Okiror, kama mtu anayejaribu kiatu.

Ndipo akaanguka paredini. Jua lilikuwa kali, wakasema ni jua, lakini daktari mmoja mzee wa Mbale aliyekuwa anamtibu tangu zamani alimpima presha akatikisa kichwa. Akamwambia mwili wake ni mzito kwa moyo wake, na kwamba asipopungua, siku moja mshipa utapasuka kichwani na hataweza hata kubeba mtoto. Akamwandikia vidonge vya kukata hamu ya kula, kimoja kila asubuhi, na kila mwezi arudi apimwe. Apio alirudi Jinja akavimwaga mezani nivione, vidogo, vya manjano. "Hii kitu kidogo ndio inataka kunipiga?" akasema. Kesho yake alimeza cha kwanza kwa chai, na wiki haikuisha kabla hajaweka kijiko chini akiwa amekula robo ya sahani.

Sisemi dawa ile ilikuwa malaika. Ilimkausha mdomo. Ilimnyima usingizi, nikawa naamka alfajiri namkuta anasugua sakafu iliyokuwa safi tangu jana. Lakini presha ilishuka. Magoti yakaacha kulia. Mkanda wa sare ulitobolewa tundu jipya kwa msumari wa moto, halafu jingine. Kilichonitesa mimi ni mezani. Alipika kama kawaida, kwa sababu kupika hakukumtoka, kisha akaketi mbele yangu mikono imekunjwa. "Kula, Nafula. Kula nikuone." Nikitafuna, yeye anamumunya mate. "Chumvi imeingia? Na hicho kichwa, mafuta yamo?" Nikamwambia, "Dada, chukua basi hata ubongo." Akasema, "Nikikiweka mdomoni kinakuwa pamba. Niambie tu." Basi nikawa namsimulia samaki, shingo, jicho, ngozi ya tumbo, na yeye anaitikia kwa kichwa. Leo ndiyo najua alikuwa anakaa wapi, kwa sababu mimi mwenyewe naandaa chakula cha wajukuu na kukiangalia kama mali ya mtu mwingine. Natamani ningekuwa naye hapa nimwambie.

Wasomaji vijana wanisaidie kuelewa jambo moja. Wakati ule hakukuwa na mtu Jinja aliyetafuta kukonda. Unene ulikuwa ni afya, ni mshahara, ni mume anayekupenda. Na wembamba ulikuwa na jina. Ule ugonjwa uliokuwa unamaliza watu wetu, Waganda waliuita slimu, yaani mwembamba kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo ulivyoanza: mtu ananyauka mbele ya macho yenu, nguo zinamvaa yeye. Kila nyumba ilikuwa imezika. Watu walikuwa na woga, na mimi siwacheki, hata mimi nilikuwa nao. Basi siku moja jioni nikasikia Mama Tenywa akimwambia mgeni wake kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake cha Kisoga, "Yure afande anakwisha. Pore yake. Na arikuwa mwanamke mzuri." Apio alikuwa amekaa kitandani anashona kifungo. Sindano ilisimama. Kisha akaendelea kushona mpaka akamaliza.

Kuanzia hapo nikaanza kuona. Mtoto wa Mama Tenywa, aliyekuwa akila kwetu kila siku, akawa anaitwa kwao tukianza kupakua. Muuza chai karibu na lango la kazini akamtengea kikombe chenye alama ya rangi ya kucha. Apio alikunywa chai yake kwenye kikombe hicho, akarudi nyumbani akanisimulia akicheka, lakini vidonge akavihamishia kwenye kopo la majani ya chai, chini kabisa. Mtu aliyeonekana anameza dawa kila siku alikuwa ameshahukumiwa. Nikamwambia aache. Akasema, "Niache nife kwa presha ili Mama Tenywa afurahi?" Na kwa kweli alikuwa anapona. Hicho ndicho kilichokuwa kigumu kueleza, kwamba kadiri alivyozidi kupona ndivyo watu walivyozidi kumlilia.

Siku ya kupelekwa kwa watu wa Okiror ilifika akiwa amekonda kuliko wakati wowote. Nilimsindikiza. Ilikuwa nyumba ya dada yake Okiror huko Nkoma, pembeni mwa Mbale, mvua imetoka kunyesha na maji yanateremka meupe juu ya mlima Wanale. Tulikula ugali wa wimbi na nyama ya kukaushwa iliyopikwa kwa simsim. Apio alijilazimisha. Nilimwona anameza kama mtu anayemeza mawe, lakini alimeza. Baadaye ukaletwa uani chungu cha malwa, ile pombe ya wimbi inayoongezwa maji moto, na viti vikazungushwa. Watu watano sita mnainama kwenye chungu kimoja, mirija mirefu imesimama humo ndani, na mrija unapokezanwa. Sheria zake si nyingi. Hupulizi kwenye mrija. Huushiki kwa mkono wa kushoto. Na mtu akiutoa mrija wake chunguni, maana yake ameondoka. Okiror alikuwa na mrija wa baba yake, umezungushiwa nyaya za rangi. Alikunywa, akampa Apio, na Apio akanywa huku anamtazama, na mimi nikafikiri, haya, imekwisha, tutacheza arusi.

Dada yake ndiye aliyetangulia. Akasema anaangalia mtoto, akautoa mrija, akaukung'uta. Kisha shemeji mmoja akakumbuka ng'ombe. Kisha mwingine akainuka bila hata kutafuta sababu. Shangazi yao, mama mzima mwenye sauti ya upole, akaagiza kibuyu kidogo. "Mtilieni mgeni yake pembeni," akasema, "asisumbuke na mrija." Tukabaki watatu kwenye chungu cha watu sita. Apio alikuwa si mtu wa kuvumilia ujinga. Akafungua mkoba, akatoa vidonge vyake, akaviweka juu ya kigoda mbele ya wote. "Najua mnafikiri nini," akasema. "Mimi siumwi. Hii ndio inanikondesha. Daktari alinipa, nina presha." Shangazi aliviangalia vile vidonge kwa huruma tupu, na ningetoa chochote awe na ubaya, lakini hakuwa nao. "Mwanangu," akasema, "nani amewahi kuandikiwa dawa ya kukonda?" Hapo hata mimi niliona jinsi maneno yetu yalivyosikika. Hospitali zote nchini zilikuwa zinahangaika kuwanenepesha watu. Okiror akatazama vidonge, akamtazama shangazi yake. Akasema anakwenda kuleta taa, ingawa jua lilikuwa bado liko juu, akauvuta mrija wa baba yake kutoka chunguni, akaenda nao. Hakurudi.

Alipimwa damu, Apio, akakutwa safi. Okiror akatumiwa habari. Watu wake wakasema vipimo vinakosea. Yule daktari mzee akajitolea kuzungumza nao, wakasema daktari kazi yake ni kuficha siri ya mgonjwa, atasema nini kingine? Wiki tatu, nne, Apio alikwenda kazini na kurudi, akakaa kwenye kiti chake akiangalia pazia. Jina la Okiror halikusemwa tena juu ya pasi. Kisha jioni moja nilirudi kutoka dukani nikakuta ile sufuria kubwa iko motoni. Kopo la majani ya chai lilikuwa wazi, limeoshwa, limeanikwa. "Vidonge viko wapi?" nikauliza. "Chooni," akasema. "Leta sahani."

Nilipiga kelele. Nikamwambia maneno ya daktari, mshipa, kichwa, mtoto. Akanisikiliza mpaka nikachoka. "Nafula, mdogo wangu," akasema, "nikikonda ninaishi lakini ninaishi na nani? Hata wewe utarudi kwenu." Ni kweli, nilikuwa narudi. Basi tukala. Ninaona haya kusema kwamba miezi ile ndiyo ninayoililia zaidi katika maisha yangu yote. Hamu yake ilirudi yote kwa pamoja. Matoke, mukene, chapati za asubuhi, sato wa Masese wawili wawili, na kidole kile kikanyanyuliwa tena: ngoja kwanza, niko kazini. Mtoto wa Mama Tenywa akarudi mezani. Mkanda ukarudi tundu kwa tundu. Nilikuwa najua tunachofanya na nilikuwa nacheka, mafuta yananitiririka mpaka kwenye kiwiko, na rafiki yangu amefumba macho mbele yangu ana furaha.

Okiror alikuja kabla ya Pasaka, ameongozana na mjomba wake. Alisimama mlangoni akamwona Apio amejaa penye pazia kama zamani, na uso wake ukafunguka wote. Nilitaka Apio amfukuze. Nilikaa nyuma ya pazia namwombea amfukuze kwa Kiswahili kile kibaya kabisa cha kambini. Badala yake nikasikia kiti kinavutwa. Usiku ule nilimwambia Apio, huyu mtu alikuacha chunguni. Akasema, "Najua. Nampenda, Nafula. Ulitaka nimpende nani, daktari?" Wakaoana. Mimi nikarudi Kenya na sufuria ile, alinipa yeye, na bado ninaipikia.

Wiki iliyopita nikaenda Mbale. Wanaishi kulekule Nkoma, Okiror amestaafu, kichwa cheupe. Alikuwa ameandaa malwa kwa ajili yangu, chungu kiko uani, na Apio amewekwa kwenye kiti chenye mito, mkono wa kulia umelala mapajani. Alikuwa mkubwa vilevile. Nilimkumbatia nikasikia harufu ileile ya sabuni ya kipande, na nililia bila kujizuia. Alipopata nafasi ya kunitazama vizuri, uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimezoea pongezi za sokoni, nikasahau ninavyoonekana kwa mtu aliyeniacha nina mashavu. Macho yake yalishuka shingoni, kwenye mifupa ya kifua, kwenye saa inayonizunguka mkono. Nikageuka nikaona Okiror naye ananitazama hivyohivyo. Nilikuwa ninaijua sana namna ile ya kutazama.

Apio aliushika mrija wake kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio aliobaki nao, akanywa, akautoa mdomoni bila kuufuta, akaninyooshea. "Kunywa, mdogo wangu." Nikanywa. Akaupokea, akanywa tena palepale nilipoweka mdomo. Okiror alikuwa amesimama na birika la maji moto. Akamimina taratibu, akaweka birika chini. Nilingoja aseme anakwenda kuangalia kuku, au taa, au chochote. Akavuta kigoda. Akatoa mrija wa baba yake, nyaya zimepauka zote, akautumbukiza chunguni, akainama, akanywa. Kisha akaninyooshea na yeye. Apio hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mume wake.

Ningeweza kuwaambia palepale. Nilinyamaza mpaka chungu kikaongezwa maji mara ya pili, kwa sababu nilitaka kukaa hivyo kidogo. Ndipo nikasema, "Afande, mimi siumwi. Nina sukari. Ni daktari ameniandikia dawa ya kukonda." Apio akaniangalia. Upande mmoja wa mdomo wake ukaanza kupanda. "Mwongo wewe," akasema. "Nani amewahi kuandikiwa dawa ya kukonda?" Akacheka mpaka mito ikaanguka, na mimi nikacheka nikiiokota. Okiror hakucheka. Alibaki ameinama juu ya chungu, mrija uko mdomoni, na hakuutoa.